Gari Zima

Jumapili, 3 Julai 1955

Gari limelala uani kwangu. Gari! Baada ya misa watu wamekuja kuliona kama wanakuja kuaga maiti ya mkubwa – wengine wamevua kofia. Hata wale wasionisalimia tangu nilipowanyima mbegu za maharage: "Shikamoo Ma Placidia, shikamoo waitu." Nimeitikia. Nimewapa maji ya kunywa. Rubisi, pombe yangu ya ndizi, nimeificha.

Mwanangu Egbert ni dereva sasa. Si utingo tena wa kuning'inia nyuma kama mkungu wa ndizi. Mwenye lori ni Yustus, mfanyabiashara wa Muleba aliyepanga hapa sokoni, anayebeba kahawa ya huku kwenda Bukoba. Alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha marehemu mume wangu, akasema gari lilale hapa Nkwenda, kwangu, maana sokoni wanalinyonya petroli usiku. Limewekwa chini ya dirisha la chumba cha Egbert na mkewe Kemirembe. Makalio ukutani kabisa, ili mwizi akigusa wasikie.

Nimelizunguka. Nimeligonga kwa fimbo. Chuma kitupu! Kila aliyekuja nimemwambia: hili ni gari zima, si yale makopo mnayoyaona yamekwama njia ya Kaisho.

Marehemu angeliona. Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika, Kiswahili chake cha askari, ndiyo maana naandika Kiswahili. Na pia kwa sababu Kemirembe anasoma kitabu cha sala cha Kihaya tu. Humu nitasema nitakavyo.


Jumanne, 5 Julai

Gari haliwaki kama taa. Linabembelezwa. Betri yake imekufa siku nyingi – Egbert ameniambia nisimwambie mtu. Basi alfajiri anachomeka hendeli pale mbele, chuma kilichopinda kama mguu wa mbuzi, anazungusha, anazungusha, anatukana kwa sauti ya chini ili nisisikie. Nasikia. Likishawaka halizimwi. Anaoga, linaunguruma. Anakunywa uji, linaunguruma. Wanapakia magunia, linaunguruma. Likizimika ni kuanza upya. Moshi umejaa uani mpaka jogoo simwoni, namsikia tu.

"Ndiyo harufu ya maendeleo, mama," anasema Egbert. Haya.

Kemirembe bado amelala. Jua limefika kizingitini, amelala! Nimegonga mlango. Anasema kichwa. Nimemwambia kichwa kila mtu anacho.


Ijumaa, 8 Julai

Kichwa tena. Na kutapika. Nimemtazama tumbo – hapana, mtoto wao Jovitha hajaota hata jino, isiwe mapema hivyo. Nimempeleka dispensari. Dresa Apolinary amempima, joto hana. Amempa vidonge vya malaria hata hivyo. Anasema malaria nyingine hujificha.

Labda. Uvivu nao hujificha.

Maji nimechota mimi. Kwa umri wangu.


Jumatatu, 11 Julai

Egbert na gari wako Bukoba tangu Jumamosi. Na Kemirembe je? Jana na leo ameamka kabla yangu! Uwanja umefagiwa, kahawa imeanikwa, maji yamejaa mtungi, na anaimba. Jovitha naye yuko macho, ananivuta pua, anacheka kwa fizi.

Sasa nimeelewa. Huyu binti ni mgonjwa mume akiwepo, mume akiondoka ni mzima. Mwigizaji! Nimemwambia hivyo hivyo, sikuzunguka. Akaacha kufagia, akajibu polepole, "Mama, hata mimi nashangaa."

Afadhali angenijibu vibaya.


Alhamisi, 14 Julai

Protase, jirani yetu wa kibanja cha chini, migomba yetu inapakana, anamwoza binti yake Jumamosi ya wiki ijayo, na rubisi ya harusi natengeneza mimi. Nani mwingine? Jumanne nilijaza shimo la kuivishia. Ndizi za pombe katikati, majani ya mgomba chini na juu, na pembeni mfereji wa moto wa majani makavu, ili joto na moshi viingie shimoni polepole. Nimefanya hivi tangu nikiwa msichana.

Leo nimefunua kona. Kijani! Ngumu kama ngumi. Baridi ya Julai hii haina adabu.

Egbert amerudi. Amesimama juu ya shimo mikono mfukoni kama bwana shamba. "Mama, unahangaika na majani makavu ya nini? Moshi ninao." Akaonyesha mkia wa gari, lile bomba la nyuma.

Nimemwambia pombe yangu haijawahi kuivishwa na chuma.

"Sawa. Harusi ya Protase, aibu yako."

Anajua pa kunichoma. Si nimemzaa mwenyewe!


Ijumaa, 15 Julai

Tumefanya. Gari likarudi kinyumenyume mpaka penye mfereji, mkia ukaingia, pembeni tukaziba kwa udongo. Protase alikuwepo na vijana wake. Akasema shimo la Ma Placidia leo linavuta sigara. Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Liliunguruma mpaka magunia yakaisha kupakiwa. Jioni tena, likiwa limerudi kutoka Nyabiyonza.

Watoto wa jirani walichutama penye nyufa za udongo kunusa. Wanasema moshi wa gari ni mtamu. Watoto hawa watakula hata sabuni.

Kuku wangu mweupe haonekani. Alikuwa anahangaika kutafuta pa kuatamia. Kicheche, bila shaka.


Jumapili, 17 Julai

Tumefunua shimo. Ndizi zimeiva mpaka ncha! Njano yote! Nilianza kupiga vigelegele, nikaviacha katikati.

Kwenye kona ile niliyoifunua Alhamisi, upande wa mfereji, kuku wangu mweupe. Ameketi juu ya mayai. Nikamwambia toka mjinga wewe. Hakutoka. Amekufa akiwa ameketi, kichwa kimeinama kidogo tu, kama mtu aliyesinzia kanisani.

Hakubanwa, ndizi zilimzunguka kama kiota. Hakuungua, joto lilikuwa la kuweka kiganja. Hakung'atwa. Protase akasema, "Ametutangulia kulewa, huyu." Vijana wakacheka. Mimi nimempasua. Damu nyekundu kama kitambaa cha padri siku ya Pentekoste! Kuku aliyekufa tangu juzi hana damu ya namna hiyo.

Nimemzika. Kuku mnene namna ile, na mayai yake. Egbert amelalamika nyama. Nimemwambia afukue mwenyewe akitaka.

Jambo moja linanikera. Juu yake yalikuwa majani tu na udongo kidogo. Kuku anayetaka kutoka anatoka. Huyu hakukwaruza hata mara moja. Alikaa tu, akalala.

Na mtu anayelala hivyo, asiyejua kuamka, nimemwona. Nimemgongea mlango wiki mbili.


Jumatatu, 18 Julai

Kichwa bado kizito. Herufi zitakuwa mbaya.

Leo kabla ya hendeli nimeingia chumbani kwa Kemirembe. Egbert alikuwa nje anakagua tairi. Nimemwambia, toka, beba mtoto, kaa mgombani. "Mama, nimekosa nini?" Toka! Nikafunga mlango, nikafunga na dirisha kama wanavyolifunga wao, nikalala kitandani pake. Nilitaka kujua.

Egbert akazungusha, akatukana, gari likawaka. Ukuta ukatetemeka mgongoni kwangu. Dirisha lile ni mbao za kubahatisha, nyufa zake zinapitisha kidole. Mwanzo harufu ilinikaba. Kisha nikaizoea – hapo ndipo pabaya. Nikaanza kuwaza kazi za leo: kuanika kahawa, kukaanga mtama wa rubisi, kumsema Egbert. Kichwa kikaanza kugonga. Nikataka kuinuka, nikajiambia bado kidogo. Mimi! Mimi ambaye sijalala jua limechomoza tangu nilipoolewa! Nikasema bado kidogo, na nikaona ni vizuri tu, ni sawa kabisa, nani ananikimbiza.

Kemirembe ndiye aliyefungua. Nilimwambia akae mgombani, hakutii. Amenivuta kwa miguu mpaka nje kama gunia. Nikatapika mbele ya gari, mbele ya Egbert na bakuli lake la uji. Akauliza, "Mama, umekula nini?" Nimekula gari lako!

Kemirembe amenifuta uso. Nilingoja aseme kichwa kila mtu anacho. Hakusema.

Leo nimechota maji mimi, nikapika mimi. Nimemwambia asizoee.


Jumatano, 20 Julai

Nimekwenda kwa dresa Apolinary na habari za kuku na za kitanda. Alianza kwa kutabasamu, kisha akaacha. Akauliza damu ya kuku ilikuwa ya rangi gani. Akauliza, gari likiwa safarini binti huwa mzima? Akauliza mtoto asubuhi midomo yake ikoje.

Nikafikiri. Myekundu. Nilikuwa najisifu nayo kwa watu – tazameni mjukuu wangu, midomo kama tunda!

Dresa akavua miwani. Anasema kwenye moshi wa gari mna hewa nyingine isiyoonekana wala kunuka. Ni ile ile ya jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Alipokuwa mafunzoni waliletewa watu wa namna hiyo, familia nzima, walioingiza jiko ndani kwa ajili ya baridi. Hewa hiyo inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa pumzi, pumzi inakosa kiti. Mtu mzima anaumwa kichwa. Mtoto mchanga hulala tu.

"Hulala tu mpaka lini?"

Akaivaa tena miwani. Akasema, "Ma Placidia, niliwapa dawa siyo. Haikuwa malaria." Amesema mwenyewe, bila kubanwa. Nimemheshimu kwa hilo.

Dawa yake si kidonge. Gari lisiwashwe karibu na nyumba. Likisimama lizimwe. Wanawake wanaochambua kahawa wasikae mkiani pake. Na watoto wasilikimbilie nyuma kunusa. Basi! Nikasema sasa twende wote kwa Yustus umwambie. Akaanza kupanga chupa zilizokwisha kupangwa. "Nitamwambia. Ila kwa hekima, mama. Kwa hekima." Masanduku yake ya dawa huja na lori la Yustus.

Nimemwambia hekima yake aipakie pamoja na masanduku.


Alhamisi, 21 Julai

Kemirembe na mtoto sasa wanalala kwangu. Haikusaidia sana. Uwanja ni mmoja, mlango wangu unatazama ule, moshi unavuka kama mgeni asiyebisha hodi. Egbert akaligeuza gari – sasa mkia unatazama chumba changu. Asante!

Nimemkalisha chini. Nimemweleza ya dresa yote. Nikasema jambo ni moja: asubuhi lisukumwe mpaka barabarani, likawashwe huko, mbali na nyumba za watu. Na huko likae likiunguruma na miti.

Alinitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo sokoni. "Kulisukuma? Mbele za watu?"

Ndiyo, kulisukuma! Lina magurudumu!

Akaeleza. Watu wa Kaisho na Nyabiyonza wanampa Yustus kahawa yao kwa sababu wanaamini lori lake halikwami. Kuna tajiri mwingine sokoni anangoja tu lisemwe vibaya. Gari linalosukumwa kila asubuhi si gari zima, na dereva wake si dereva, ni mchunga ng'ombe. Yustus angemnyang'anya usukani siku hiyo hiyo.

"Na mtoto wako?"

"Mtoto ana mafua tu, mama." Kisha, bila kunitazama: "Wewe mwenyewe ndiye uliyewatangazia watu wote kwamba ni gari zima."

Nilitangaza. Ndiyo. Na sauti yangu inafika mbali.


Ijumaa, 22 Julai

Leo nimechekwa na soko zima la Nkwenda. Sijali. Naandika nipoe.

Nilikwenda ghala la kahawa kutafuta vijana wa kukamua rubisi kesho alfajiri – hapana, ni leo jioni, harusi ni kesho. Wanawake wamekaa kwenye mikeka wanachambua kahawa, wengine na watoto mgongoni. Juu ya vichwa vyao, mkia wa lori la kutoka Bukoba, linangoja kupakia, linaunguruma. Mmoja ananiambia siku za kununua kahawa kichwa humuuma sana, anadhani ni vumbi la maganda. Vumbi!

Nikaenda mbele, nikanyoosha fimbo kwa dereva. Nikapaza sauti: "Gari zima! Gari zima!" Mimi kitu nakitaja kwanza, ndipo naagiza. Gari – zima!

Yule kijana katoa kichwa, meno yote nje. "Zima kabisa, mama! Tairi mpya, breki mpya!"

Watu wakaanguka kucheka. Nikasema, zima wewe! Akasema, "Na mimi mzima, nashukuru. Shikamoo. Wazima huko nyumbani?"

"Si wazima!" nikamjibu. "Ndiyo maana nimekuja!"

Hapo akaacha kucheka kidogo. Nikamwambia ateremke aje akae hapa mkiani, kwenye mkeka, pamoja na hawa, mpaka gunia lake la mwisho. Hakuteremka. Lakini alizima. Sijui kwa adabu au kwa kuchoka nami. Kimya kikaanguka sokoni. Wanawake wakainua macho. Mtoto mmoja alikuwa analia mgongoni, na mama yake ndipo aliposikia.

Njiani nyumbani watoto wamenifuata: "Bibi Gari Zima! Bibi Gari Zima!" Nimewatishia fimbo. Angalau walikuwa wananikimbilia mimi, si lori.


Jumamosi, 23 Julai

Harusi. Rubisi inanuka petroli.

Nilijua tangu jana tulipokamua, nikajidanganya kwamba mtama utafunika. Protase amepokea kibuyu cha kwanza mbele ya wakwe. Akavuta mrija. Akakaa nayo mdomoni. Ni mtu mwenye adabu, hakutema pale. Alizunguka nyuma ya nyumba.

Imemwagwa kwenye migomba. Pombe yangu! Wametuma mtu Nyabiyonza kutafuta nyingine kwa baiskeli, wageni wamekaa na koo kavu. Hakuna aliyenilaumu, na hiyo ndiyo lawama.

Egbert peke yake alikunywa mpaka mwisho wa kibuyu, macho mbele. Kwa ajili yangu, au kwa kiburi, sijui. Amefanana nami. Hilo ndilo tatizo la nyumba hii.


Jumapili, 24 Julai

Nitaandika kwa mpangilio.

Leo hapakuwa na kupumzika, gari lilitakiwa Kaisho. Likawashwa, mkia ukiwa mlangoni kwangu. Nilikuwa mgombani nakata majani. Kemirembe alikuwa ameinuka, ameweka uji, mtoto akiwa kitandani kwangu. Moshi ulikaa, hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani.

Nikamsikia Kemirembe anaita jina la mtoto. Si kwa sauti kubwa. Anaita tu, Jovitha, Jovitha, kama anayeuliza. Nikatupa panga.

Mtoto alikuwa laini. Mikono inaanguka. Titi mdomoni, hanyonyi. Midomo ile ile mizuri. Tukamtoa mbio mpaka mwisho wa kibanja, nikammwagia maji usoni, nikampuliza, nikampiga nyayo, nikamsema – nilimsema kweli, nilimwambia mtoto mvivu wewe, amka! Akakaa hivyo muda ambao siutaki tena maishani. Kisha akakunja uso. Akalia kilio kidogo, cha paka. Kemirembe akaketi chini kwenye majani.

Egbert alikuwa ameshaondoka. Hakujua.

Alipokuja dresa alimsikiliza mtoto kifua kwa muda mrefu. Anasema atapona akikaa kwenye hewa safi. Akikaa. Mara hii hakusema hekima. Alitoka hapa akaenda moja kwa moja kwa Yustus, masanduku au hakuna masanduku. Nilimwona anavyotembea.

Jioni Yustus amekuja. Si mtu mbaya, aliuliza hali ya mtoto na akaleta sukari. Lakini akasema: kahawa iko nyingi, msimu ni mfupi, betri mpya imeagizwa na haijafika. Sokoni gari halilali. Na kulisukuma asubuhi barabarani, watu wote wakiona? "Egbert, kama hapa kwenu hapafai, sema tu. Kuna kijana mwingine anautamani huo usukani. Kesho alfajiri nitapita nione gari limeamkaje."

Egbert alitazama sukari.

Yustus alipotoka Kemirembe akasema. Tangu aolewe humu sijamsikia akisema hivyo, kwa sauti ya mtu aliyemaliza kuhesabu. "Kesho, kabla gari halijawaka, nakwenda kwetu Kaisho na mtoto. Mama, usinizuie. Na wewe baba Jovitha, usinifuate na lori."

Egbert akamwuliza anataka yeye awe nini, mchuuzi wa ndizi? Akajibu, "Nataka uwe na mtoto."

Sikumzuia. Ningekuwa yeye ningeondoka jana. Lakini uani bila yule wa kunivuta pua – hapana. Hapana!

Nimechukua fimbo nikaenda kwa Protase. Nilimwambia: uliucheka mwili wa kuku wangu, sasa utanilipa. Uje alfajiri na vijana wako, wenye mabega. Akauliza kuna nini. Nikasema kuna kusukuma. Akasema, "Ma Placidia, baada ya ile pombe?" Nikasema baada ya ile pombe.


Jumatatu, 25 Julai

Kumeanza kupambazuka. Naandika kizingitini kwangu, daftari gotini.

Hendeli iko chini yangu, ndani ya kanga. Nimeikalia. Ni baridi na inanichoma mfupa. Siinuki.

Egbert ametafuta chini ya kiti cha gari. Ametafuta kwenye magunia. Amefungua mpaka boneti, kana kwamba hendeli hulala humo. Kemirembe amesimama mlangoni mwa chumba chao, mzigo kichwani, mtoto mgongoni amefunikwa vizuri. Hajapiga hatua. Hajauweka mzigo chini pia.

"Mama, umeiona hendeli?"

Nikamwambia, "Gari zima halihitaji hendeli."

Ameelewa pale pale. Macho yake yameshuka kwenye kanga yangu, yakapanda. Mtu mzima hawezi kumwinua mama yake kwa nguvu mbele za watu, na watu wamefika: Protase na vijana wake, wamekunja mikono ya mashati, bado wana usingizi wa harusi. Wamesimama nyuma ya lori, pale penye mkia. Mmoja kaanza, "Bibi Gari Zi–", Protase akampiga kofi la kisogo.

Hakuna anayecheka. Hakuna moshi. Naiona migomba yote mpaka ya mwisho, na umande juu yake. Nilisahau asubuhi inanukaje.

Egbert ameshika mlango wa gari. Anatazama barabarani. Taa ya baiskeli inapanda kilima, inayumba – Yustus huyo. Baiskeli yake nayo anaisukuma, kilima kimemshinda! Nimemwonyesha Egbert kwa kidole.

Jovitha amepiga chafya. Wote wawili, baba na mama, wamegeuka kwa pamoja.

Sasa Egbert ameachia mlango. Amekwenda nyuma, waliko wenzake. Protase amesogea kumpisha, au kumzuia, sijui. Egbert ameinama. Labda anafunga kamba ya kiatu. Labda anaweka bega. Kutoka hapa sioni vizuri, na kuinuka siwezi – nimekalia hendeli. Lakini gari linasogea, kimya kimya, kuelekea barabarani.